Naomba ushauri: leseni ya Tanzania baada ya miezi 12 Uingereza

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mwenyeji wa Lindi, nimeendesha kosta ya Lindi–Masasi miaka tisa, na barabara ile kuanzia Mingoyo naijua kona kwa kona. Mwezi wa nane uliopita nilimfuata mke wangu Uingereza. Huku leseni yetu inaruhusiwa miezi 12 tu tangu uanze kuishi, na Tanzania haimo kwenye nchi ambazo leseni zao zinabadilishwa moja kwa moja. Kwa hiyo naanza upya: leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani.

Kuendesha hakunitishi, kushoto ni kulekule. Kinachoninyima usingizi ni nadharia: maswali 50, upate 43, na yote kwa Kiingereza. Alama nazielewa nikiziona, lakini swali refu linanichanganya.

Waliopitia, mlijisomeaje? Na je, kwa dereva mzoefu, masomo mangapi ya mwalimu yalitosha kuacha mazoea ya nyumbani? Imebaki miezi mitatu, na familia Lindi inanitegemea. Nisaidieni ndugu zangu.