VPN imeunganishwa lakini Google haifunguki: fomu ya uhakiki, mwisho Ijumaa (Wuhan, Uchina)

Kutoka: Mwalimu, Wuhan
Jumanne

Ndugu zangu, habari za siku. Naomba msaada wa haraka. Ofisi ya mwajiri wangu nyumbani imetuma fomu ya uhakiki kwa sisi tulio kwenye ruhusa ya masomo. Fomu yenyewe ni ya Google. Mwisho ni Ijumaa hii, na barua inasema asiyejaza mshahara unasimama. Nimewaandikia kwamba Google huku haifunguki, nikaomba wanitumie kwa Word niwarudishie kwa barua pepe. Wamejibu mstari mmoja tu: jaza kupitia kiungo ulichotumiwa. Mke wangu na watoto wanaishi kwa mshahara huo.

VPN yangu, ya kufungulia mitandao iliyozuiwa huku, ni ileile ya muhula uliopita, ya aina ya vmess. Nimerudi Jumapili kutoka likizo na simu mpya ya Kariakoo, nikahamishia mipangilio yote kutoka simu ya zamani. Nikiwasha, ufunguo unatokea juu na inaandika imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka, si Google wala WhatsApp. WeChat, ya Wachina wenyewe isiyohitaji VPN, inakwenda vizuri. Ninayekaa naye chumbani tunachangia seva hiyohiyo, kwake inafanya kazi. Nimefuta programu nikaiweka upya mara tatu, nimezima simu nikawasha, nimetoka Wi-Fi ya hosteli nikaenda kwenye data, hata saa nimeisogeza saa tano mbele ifuate ya huku maana ilibaki ya Dar. Nimekwama kabisa.

Kutoka: Dada wa Guangzhou

Pole sana kaka. Mimi yalinikuta mwaka jana siku ya kuhuisha RP, kibali cha kuishi huku. Niko dirishani, foleni nyuma yangu, afisa anataka karatasi ya kujiandikisha polisi, na nakala niliihifadhi Google Drive. VPN ikagoma palepale. Nikarudishwa, na siku zilizobaki zilikuwa tatu. Tangu hapo JW202 (fomu ya kuombea viza ya masomo), RP, karatasi ya polisi, vyote viko ndani ya simu na vingine nimevichapisha. Wanaokuja Septemba wafanye hivyo kabla hawajapanda ndege.

Angalia DNS ya faragha kwenye mipangilio, ile inayoitafutia simu anwani za tovuti. Yangu ilikuwa imewekwa ya Google, na hiyo huku haifikiki. Izime.

Kutoka: Mkongwe, Chengdu

Dada, soma alichoandika mwenzio. Ingekuwa DNS hiyo, huenda hata WeChat ingesumbua.

Mwalimu, azima simu ya huyo mwenzako ujaze, dakika kumi umemaliza. Au kama una laini ya nyumbani, iwashe roming. Data ya roming inapitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo ukuta wa huku unaozuia mitandao hauigusi. Ni ghali, lakini fomu moja haili data nyingi. Mimi nilifika 2013, Gmail ilikuwa bado inafunguka kwa kusuasua. Mwisho wa 2014 ikafungwa moja kwa moja, na 2017 ikawa zamu ya WhatsApp. Tangu wakati huo laini ya nyumbani haitoki kwenye pochi yangu.

Na vijana mkumbuke, kanuni za huku zinaruhusu polisi kumwonya mtu au kumtoza faini hadi yuani 15,000 kwa kuunganisha njia isiyo rasmi. Msigawane misimbo ya seva kwenye makundi ya WeChat.

Kutoka: Jirani, Dubai

Hamjambo. Huku afadhali, WhatsApp ya kuandika inapita, simu ndiyo haipiti. Watu wetu wengi wanatumia VPN kuongea na watoto nyumbani, na sheria ya 2021 ni kali: ukiitumia kufanya kosa, faini inaanzia dirham 500,000 hadi milioni 2. Mimi nimenunua Botim, programu ya simu inayoruhusiwa huku, napiga bila wasiwasi. Mwalimu jaribu Botim.

Kutoka: Mkongwe, Chengdu

Ndugu yangu, anataka kujaza fomu ya Google, hataki kupiga simu.

Kutoka: Mwalimu, Wuhan
Jumatano

Asanteni wote. Shikamoo mzee wa Chengdu. Simu ya mwenzangu nimejaribu. Fomu inataka niingie kwa akaunti yangu ya kazi, na Google ikiona simu ngeni inataka nithibitishe kwenye simu yangu mwenyewe, ambayo haipati kitu. Laini ya nyumbani nimemwachia mke wangu, ndiyo inayopokea pesa. DNS nimezima, hali ni ileile.

Kutoka: Fundi, Shenzhen

Mwalimu, jibu umeliandika mwenyewe juzi. Ni saa.

Vmess inalinganisha saa ya simu na ya seva. Zikipishana zaidi ya sekunde 90, seva inakukataa kimya kimya. Ufunguo utauona juu kwa sababu programu imewaka upande wako, ila upande wa pili hakuna anayekupokea. Wewe umepishana kwa saa tano nzima. Nenda kwenye tarehe na saa, washa saa ijipange yenyewe, kanda ya saa weka ya Uchina. Kisha zima VPN uwashe tena.

Kutoka: Dada wa Guangzhou

Hapana jamani. Simu yangu ina saa za Dar mwaka wa pili sasa, na vmess yangu inafanya kazi. Nimeiacha makusudi. Nikiitazama asubuhi nikakuta saa kumi usiku, najua mama bado amelala nisipige. Ikifika kumi na mbili najua ameshawasha jiko, na nikipiga nasikia kuku na mfagio wa uwani kabla hajasema haloo.

Kutoka: Fundi, Shenzhen

Dada, wewe umeacha kanda ya Dar na saa ya Dar, kwa hiyo simu yako inajua saa ya dunia vizuri. Yeye ameacha kanda ya Dar akasogeza mishale kwa mkono. Simu yake inaamini dunia nzima imetangulia saa tano. Ni vitu viwili tofauti.

Kutoka: Dada wa Guangzhou

Sawa, hapo nimeelewa. Ungeeleza hivyo mwanzo.

Kutoka: Mkongwe, Chengdu

Dada umenikumbusha mama. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi kwetu Tanzania, VPN yangu ilikuwa inakwenda kuliko siku zote, na nyumbani ndiko intaneti ilikozimwa. Niliandika "Mama mko salama?" ikabaki tiki moja. Usiku kucha tiki moja. Kesho yake tiki moja. Mwishowe nikapiga simu ya kawaida kwenye kitochi cha jirani yake, salio likaliwa lote, lakini nilimsikia akisema "tupo mwanangu, tumejifungia ndani." Na X, ile Twitter ya zamani, ilikuwa imeshafungwa tangu Mei. Mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo la kutaka wenye VPN wajiandikishe, watu wakalipuuza. Miaka yote naeleza wenyeji wa huku kwamba kwetu mtandao uko wazi. Siku hizi sisemi tena.

Kutoka: Jirani, Dubai

Pole mzee. Kwetu Kenya nako Telegram ilizimwa wakati wa mitihani ya KCSE, eti kuzuia wizi wa mitihani.

Kutoka: Dada wa Guangzhou

Tafadhali, siasa tuiache. Mada ni fomu ya Mwalimu.

Kutoka: Mkongwe, Chengdu
Ijumaa

Kumwuliza mama yangu kama yuko hai si siasa, mwanangu.

Mwalimu, huku ni saa moja jioni, nyumbani saa nane mchana. Ofisi zinafungwa saa tisa na nusu. Umeirudisha ile saa? Fomu imekwenda?