Turbo imekufa: katriji, ya mtumba au mpya kabisa? Waliopitia hii naombeni uzoefu

Mzigo wa Ilula
Wakuu heshima kwenu. Nina pikapu ya dizeli lita 2.5, ya 2012, manyuo, napigia nayo nyanya Ilula kwenda Dar. Kampuni siitaji makusudi maana mkiijua tu uzi unageuka ligi ya nani ana gari na nani ana bati.

Ijumaa napandisha mlima Kitonga nikiwa tupu, kreti tu nyuma, ikaanza filimbi nyembamba kila nikikanyaga mafuta, kama king'ora cha mbali hivi, mi nikajua ni lori la mbele nikafunga dirisha. Kona mbili mbele taa ya injini ikawaka, gari ikapoa ghafla, gia ya pili haivuti, nyuma yangu mabasi yamejipanga yananipigia honi kama nimeiba kuku, na moshi wa bluu unawaogesha. Nikajikongoja hadi Ilula. Fundi akachomeka mashine ikatoa P0299, akafungua mpira wa hewa akashika kile kipangaboi cha turbo (ile pampu inayosukumia injini hewa) akakitikisa juu chini, akasema hapa hakuna kitu.

Bei nilizopewa Gerezani kwa wauza spea wa Dar mpaka sasa: katriji peke yake (kile kiini cha ndani chenye shafti na beringi) laki 4 na nusu, ya mtumba nzima laki 8, mpya ya Kichina milioni 1.3, orijino milioni 3 na ushee tena ya kuagiza. Mfuko wangu unasoma mtumba. Mnasemaje?

Baba Nasra
Mtumba kaka, usiumize kichwa. Mi nilifunga ya Japani 2021 na bado iko barabarani. Ila kachague mwenyewe, ukimtuma fundi anakuletea yenye cha juu chake. Nenda mchana kweupe, chungulia yale mapanga ncha zisiwe zimeliwa, pitisha kidole ukuta wa ndani ukisikia mkwaruzo rudisha, upande wa moshi ukikuta oili mbichi inateleza rudisha. Muuzaji akianza "ndugu yangu hii imetoka kwenye gari iliyogongwa nyuma tu" cheka naye halafu endelea kuangalia.

Dada Spana
Ngoja kwanza, nani kathibitisha turbo imekufa? P0299 inasema presha ya hewa haijafika pale kompyuta ilipotaka, basi. Haijataja muuaji. Nimeshaona watu wawili wamenunua turbo nzima kumbe mpira wa kwenda intakula (kile kipoza hewa ya turbo) umepasuka kwa chini, ufa ambao ukiwa umezima gari huuoni, ukikanyaga ndo unafunguka kama mdomo.

Na hiyo ya kutikisa juu chini, kucheza kidogo ni kawaida kabisa. Kile kishafti kinaelea kwenye oili, injini ikiwa imezimwa lazima kicheze. Kinachotisha ni kikienda mbele na nyuma, kama unavuta na kusukuma droo, au mapanga yakigusa ukuta. Rudi kaangalie.

Mzigo wa Ilula
Dada nimerudi gereji. Mapanga yamegusa, ukuta una duara la kung'aa kama lililochongwa. Na kwenye intakula tumemwaga oili inajaa kikombe cha chai.

Dada Spana
Pole. Basi hiyo imekufa kweli. Sasa swali langu ni nani kaiua, maana hiyo kitu huwa haifi kifo cha Mungu mara nyingi. Oili unamwaga kila baada ya kilomita ngapi na kwenye injini kimefanyika nini mwaka huu?

Mzigo wa Ilula
Elfu 10, saa nyingine inapitiliza mzigo ukiwa umebana (msinipige). Mwezi wa 3 sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) ilikuwa inavuja, fundi mmoja njiani akaishusha akaibandika na silikoni.

Dada Spana
Eeh hapo hapo. Sikiliza kaka, hilo turbo linazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinacholizuia lisijisage ni utando mwembamba tu wa oili. Silikoni ikipakwa kama siagi kwenye mkate inayobaki inaminyikia ndani ya sampo, ikikauka inakatika vipande, vinaenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili. Injini kubwa inavumilia kwa muda, taa ya oili wala haiwaki kwa sababu presha ipo, ila turbo liko mwisho wa bomba jembamba na linapata masalia. Sasa wewe funga ya mtumba, funga mpya, funga ya dhahabu ukitaka, kama chujio na lile bomba la oili viko vile vile nakupa wiki mbili. Shusha sampo kabla hujatoa hata mia.

Msee wa Mathree
Niko Nairobi. Huyo dada anasema ukweli, sikizeni yeye. Mimi nilinunua za mtumba mbili kwa mwaka mmoja nikilaumu muuzaji, kumbe ni laini ya oili imejaa kaboni ngumu kama lami.

Halafu boss usiendeshe hiyo gari tena hata polepole. Yangu ilianza hivyo hivyo moshi bluu, nikasema wacha nifike home. Turbo ikapasuka seal, injini ikaanza kunywa oili yake yenyewe kama mafuta. Ikarevu yenyewe hadi mwisho, nimetoa ufunguo, ufunguo uko mkononi na gari bado inanguruma, moshi mweupe barabara yote watu wanakimbia. Ni otomatiki so siwezi kuinyonga na gia. Jamaa wa nyama choma akakuja mbio na ule ubao wake wa kukatia akaubana kwa mdomo wa hewa, ndo ikazima. Ubao ulipona, injini haikupona. Wewe una manyuo, ikitokea tia gia kubwa, kanyaga breki yote halafu achia klachi, itazima.

Tumbo Joto
Mi nawatetea watu wa katriji kidogo maana mnaipita tu. Kama nyumba ya turbo, yaani lile ganda la nje, haijakwaruzwa ni njia nzuri kuliko mtumba, beringi mpya, shafti mpya, imeshapigwa balansi, na nyumba ni ile ile ya gari yako. Ila nyumba ikishaliwa kama hiyo ya mleta uzi nafasi inabaki kubwa, hewa inavuja pembeni, utafunga kitu kipya na nguvu hupati. Halafu upande wa moshi kuna vile vibawa vinavyofunguka na kufunga, mafundi wengi wanabadili katriji wanaacha vibawa vimeganda masizi. Mwezi haujaisha taa hiyo tena.

mwalimu_mstaafu
Vijana wangu, mimi nilifunga mpya ya Kichina. Ya kwanza ilidumu miezi minne, ya pili inaendelea vizuri, ni kama kununua tikiti maji bila kuligonga. Lakini niseme kitu kimoja ambacho kilinisumbua sana: ile ya pili fundi alipoifunga akaona gari "ina nguvu sana", akakishika kile kiskrubu kidogo cha kuzuia mkono wa vibawa akakizungusha kwa bisibisi. Kiskrubu kile hupimwa kiwandani kwa mashine. Kuanzia siku hiyo taa ikiwaka inakuja P0234, hewa imezidi, gari inajifunga nguvu kila nikitaka kuovateki. Tumehangaika wiki tatu kwa robo mzunguko wa bisibisi. Ukikiona kimepakwa rangi ya alama, mwambie fundi hicho ni mke wa mtu.

Baba Nasra
Hahaha mwalimu. Na hizi taa, jirani yangu aliuziwa gari ambalo dashibodi safi kabisa haina hata nukta ya njano, kumbe taa ya injini imezibwa kwa nyuma. Ukinunua gari geuza swichi bila kuwasha, taa ya injini lazima ionekane kwanza, ukiwasha ndo ipotee. Isipoonekana kabisa shika njia yako.

binti_rufiji
Samahani mi naendesha ya petroli yenye turbo, hii ya kusubiri dakika kabla ya kuzima ni kweli au ushamba? Mume wangu ananicheka kila siku.

Dada Spana
Ni kweli shosti, hasa ukitoka mlimani au kukimbiza. Ukizima papo hapo turbo bado ni la moto kama jiko, oili imesimama, inaungulia mle ndani inakuwa mkaa. Ukiwa umetoka kuzunguka mtaani polepole hamna haja, dakika zile za mwisho zimeshalipoza. Kwa hiyo siku nyingine yeye ndiye yuko sahihi, usimwambie.

Mzigo wa Ilula
Mrejesho wakuu. Gari ilivutwa hadi Iringa. Tumeshusha sampo. Chujio limezibwa nusu nzima, minyoo ya silikoni ya kijivu imejisokota humo, mmoja nimeuweka kwenye kiganja una urefu wa kidole. Bomba la oili la turbo tumebadili, intakula imeoshwa, mtumba nimeuogopa na milioni 3 sina, nimechukua ya Kichina. Dada, kama ulivyonielekeza inboksi tumemimina oili ndani ya turbo kabla ya kufunga bomba, tukapiga stata bila kuwaka mara kadhaa hadi taa ya oili ikazima. Sampo imerudi na silikoni kidogo tu kama uzi, nilisimama juu ya kichwa cha fundi hadi akachukia.

Jana nimepanda Kitonga na gia ya tatu. Filimbi hamna. Kila lori likilia mbele yangu nafungua dirisha nasikiliza.

Tumbo Joto
Safi sana. Lile bovu usitupe lakini, kuna jamaa wanayanunua, wanaweka katriji ya bei chee, wanapaka dawa ya kung'arisha linawekwa dukani linaitwa la Japani.

Mzigo wa Ilula
Nimeshauza. Elfu 80.

Baba Nasra
Hilo duara la kung'aa nimelikariri. Tutakutana nalo Gerezani.