Mshahara ulikatwa kila mwezi, leo naambiwa michango haipo. Nani alitakiwa kuifuata?

Wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho. Najua humu tuko wengi tuliokwama palepale, kila mtu anaugulia kivyake, na nimechoka kuugulia kimya.

Nilikuwa opereta wa mashine kwenye kiwanda cha vifungashio, upande wa Barabara ya Nyerere hapa Dar. Mshahara 480,000 kabla ya makato. Kwa miaka minne na ushee kila slipu yangu ina mstari wa mchango wa hifadhi ya jamii, 48,000. Sikuulizwa kama nataka, ni sheria, na wala sikunung'unika, maana mwajiri naye anatakiwa kuweka asilimia 10 yake na siku ya shida inajulikana ipo. Siku hiyo imefika. Walitupunguza kazi kundi zima, wakasema oda zimeshuka.

Nikakusanya kila kilichotakiwa: barua ya kuachishwa kazi, kitambulisho cha taifa, mkataba, taarifa ya benki, picha. Nikaenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii kuomba fao la kukosa ajira.

Yule dada wa dirishani, ambaye kusema kweli alinisikiliza vizuri, aligeuza kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Mwaka wa kwanza umejaa. Wa pili umejaa. Kuanzia katikati ya mwaka wa tatu mapengo yanaanza: mwezi umeingia, miezi kadhaa hakuna kitu, miwili imeingia, halafu patupu mpaka mwisho. Nikatoa bahasha yangu ya slipu nikamwekea mezani za miezi ileile iliyo wazi. Kila moja imekatwa 48,000. Akazipitia, akanirudishia. "Mama, mfumo unasoma kilicholipwa. Rudi kwa mwajiri wako apeleke michango, ndiyo faili liendelee."

Nirudi kwa mwajiri yupi? Huyu aliyenitoa getini? Mlinzi aliyekuwa ananisalimia kwa jina sasa ana maagizo ya kutotuingiza. Afisa utumishi simu hapokei, na siku akipokea anasema suala liko kwa mhasibu. Mhasibu anasema anasubiri idhini ya bosi. Bosi hapatikani.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Ile hela haikuwa ya mwajiri hata dakika moja. Ilitoka kwenye mshahara wangu kabla sijaishika, akaichukua ili aifikishe, hakuifikisha. Na mfuko ndio uliopewa meno na sheria. Una wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia kiwandani na kufungua vitabu. Mwajiri akichelewesha michango kuna tozo ya adhabu juu yake, na kuna kufikishwa mahakamani. Mimi nina nini? Nina bahasha ya slipu. Mfuko wenye wanasheria na magari umekaa miezi na miezi ukiona kwenye kompyuta yake kwamba kiwanda chenye watu wengi hakileti michango, na haukugonga mlango. Halafu siku nakuja mimi, opereta niliyefukuzwa, natumwa nikamkabe mwajiri.

Na msidhani ni mapengo tu kwenye makaratasi. Ili ulipwe fao hili kwa mwezi unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 18. Kuna kijana tulikuwa naye zamu moja, kafanya kazi miaka miwili kamili, kakatwa miaka miwili kamili. Kwenye mfumo anaonekana hajafika hata miezi 18. Kwa hiyo wizi wa mwajiri umemtoa kwenye fao, na mfuko umeupokea wizi huo kama ndiyo hesabu halali. Ana mke mjamzito.

Jambo la pili ambalo nataka kila aliye kazini alisikie leo hii. Siku ya kutupunguza, meza ya kwanza tuliyopitishwa ilikuwa na barua zilizochapwa tayari, jina tu ndilo lililoachwa wazi. Barua inasema "naomba kuacha kazi kwa hiari yangu." Tukaambiwa atakayesaini anachukua mshahara wake wa mwezi papohapo, asiyesaini atasubiri. Mimi sikusaini. Kuna waliosaini, na siwalaumu, mtu ana kodi na mtoto yuko hospitali. Ila fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe. Saini moja mwajiri anakwepa kiinua mgongo, yaani mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, na wewe umeshajifungia mlango wa mfuko. Anayekuletea karatasi ile anajua anachofanya. Usisaini. Na kama umeachishwa bila haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka upeleke shauri lako ndani ya siku 30. Wengi wanakuja kushtuka siku zimepita wakiwa bado wanaahidiwa "tutakuita".

Sasa tuje kwenye hicho kinachoitwa fao lenyewe. Likitoka, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita. Kwa mshahara wangu ni kama 160,000 kwa mwezi. Chumba na sebule Buza, 80,000, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Fanyeni hesabu wenyewe. Na fedha yangu iliyoko kule, hata ukihesabu ile miezi iliyoingia tu, 96,000 kwa mwezi, yangu na ya mwajiri, inazidi milioni mbili. Hiyo siigusi. Mpaka nikae miezi 18 bila kazi ndiyo mazungumzo ya michango yenyewe yanaanza.

Wazee wa humu mnakumbuka. Mwaka 2012 walipojaribu kuondoa fao la kujitoa, wafanyakazi wa migodini waliwaka na serikali ikarudi nyuma. Mwaka 2018 likaondolewa kweli, tukaletewa hili. Hoja ilikuwa kwamba tukichukua hela zetu kila tunapotoka kazini, uzeeni hatutakuwa na pensheni. Sawa, naielewa hoja. Pensheni inataka michango ya miezi 180, miaka 15. Lakini hoja hiyo ni ya mtu mwenye ajira ya kudumu. Viwandani tunapewa mikataba ya mwaka mmoja, mwingine wa miezi sita, unakaa nje mwaka, unapata kwingine, unakaa nje tena. Nani kati yetu atafikisha miezi 180, na mwajiri mwenyewe anaruka miezi? Sheria ilitungwa ikimtazama mtumishi wa ofisini. Sisi wa mashine tuliingizwa humo humo.

Wanaosema "jiajiri, uza hata mihogo," nauza. Nakaanga mihogo na kachori jioni pale njiapanda, kabla jua halijazama. Siku nzuri narudi na 6,000 ya faida, siku ya mvua nakula mtaji na wanangu. Mume wangu ana bodaboda ya mkataba, hesabu ya tajiri lazima itoke kila siku, apate abiria asipate. Kadi ya bima ya afya ilizimwa mara tu ajira ilipokwisha. Mdogo alipobanwa na kifua nililipa dirishani kama kila mtu, na ile hela ilikuwa ya kodi. Shule ya serikali haina ada, lakini kuna mchango wa uji, mchango wa mitihani, mchango wa mlinzi, na mtoto akirudishwa nyumbani anarudishwa akilia.

Mtu akikaa hivi miezi, lazima akope. Mwenzangu mmoja alichukua mkopo wa kwenye simu. Aliomba 100,000, ikaingia pungufu, wiki moja inadaiwa zaidi ya aliyoomba. Alipochelewa walimtumia ujumbe kila mtu aliyemo kwenye simu yake: wakwe, mwalimu wa mtoto, mchungaji, kwamba ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni na kupiga marufuku shughuli zao, na nashukuru kwa hilo. Lakini mtu hafiki kwenye mikopo ya kausha damu kwa kupenda. Huyu dada ana fedha yake halali kwenye mfuko. Angelipwa kwa wakati asingemjua mkopeshaji yeyote.

Ninachokitaka sioni ugumu wake. Mfanyakazi akileta slipu inayoonyesha amekatwa, na benki inaonyesha mshahara uliingia ukiwa umekatwa, mfuko umlipe kwa hesabu hiyo. Halafu mfuko, kwa wakaguzi wake na wanasheria wake, ukamdai mwajiri na adhabu juu. Mwenye nguvu amfuate mwenye nguvu. Na mwezi wowote mchango usipoingia, mfanyakazi atumiwe ujumbe wa simu palepale, akiwa bado kazini, akiwa bado na sauti ya kuuliza mbele ya wenzake. Benki inanitumia ujumbe nikitoa 5,000. Mfuko unashindwaje kunijulisha kwamba 96,000 yangu haijafika?

Na wabunge, kila mara tunawasikia mkigombana kuhusu kikokotoo cha wastaafu, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao yao. Gombaneni, ni haki yao wazee wetu. Lakini sisi tunaotolewa makazini na miaka 34, ambao huo ustaafu hatutaufikia kwenye mfuko kwa staili hii, mbona hatusikiki humo ndani?

Wiki hii tunakwenda pamoja, wote tuliogoma kusaini, na nakala za slipu zetu, kupeleka barua ya malalamiko kwa meneja wa mkoa na nakala ofisi ya kazi. Tunataka mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu, hatutaki ahadi ya mdomo. Naomba waliowahi kulipwa michango ambayo mwajiri hakuipeleka waniambie walipitia mlango gani: mlianza na Tume, mlianza na chama cha wafanyakazi, au mfuko wenyewe ulimshtaki mwajiri? Ilichukua muda gani? Na kwa waliosaini ile barua ya hiari, kuna yeyote aliyefanikiwa kuitengua? Wenzangu watano wanasoma uzi huu wakisubiri jibu la swali hilo.