Kila kitu "ndogo", kila kitu "kidogo": Amu tumefika huku?

Jamani, hivi mabango ya mji huu wetu wa Lamu huandikwa na nani? Limewekwa moja jipya ufukoni, rangi hata haijakauka: "Boti kidogo zisifungwe hapa." Boti kidogo ndiyo ngapi, mbili au tatu? Walitaka kusema boti ndogo. Aliyelipwa kuandika hajui, na bosi wake aliyelipitisha naye hajui!

Na wangeinua macho tu wakatazama majini, darasa zima liko pale: dau dogo, mashua ndogo, mtumbwi mdogo, chombo kidogo. Mtoto wa Langoni hakosei hata moja, wala hajawahi kusikia neno ngeli. Akisoma akaajiriwa ndipo anapoanza "kisiwa ndogo", "chumba ndogo", "duka ndogo". Sijui ofisini wanalishwa nini.

Halafu kuna hawa wa "mtoto kidogo". Mtoto ni mdogo, bwana. Ukitaka kumdunisha zaidi mwite kitoto, hapo kidogo itakaa. Chenye uhai hufuata uhai wake: samaki mdogo, punda mdogo, hata kijana na kiboko, pamoja na ki- yao, ni mdogo. (Dalali mmoja katangaza "nyumba ndogo yapatikana Mkomani, piga simu". Sarufi haina kasoro, ila sidhani waliompigia wote walitaka kupanga.)

Najua mtakuja na lile lenu la "mradi tumeelewana". Hamjaelewana! Juzi tulikuwa na shughuli nyumbani, mpwa wangu akatumwa kuagiza tasi wadogo, wale wa kukaangwa wakauke mpaka mifupa italika. Yeye akamwandikia mvuvi: "Tuletee tasi kidogo." Wallahi mvuvi kaja na tasi wanne, wanono, wamelala chini ya kikapu wameacha nafasi ya wenzao thelathini. Wageni washaanza kuvua viatu mlangoni. Shangazi akampandishia sauti, mvuvi akatoa simu akamsomea ujumbe neno kwa neno. Kidogo ni uchache, wadogo ni umbo. Kaleta alichoagizwa, na pesa keshapokea.

Mpwa wangu ashikilia kwamba kaibiwa. Mie niko upande wa mvuvi, na nimeshasema nyumbani: samaki wa arubaini ataagiza mtu mwingine.