Kadi za besiboli zisizo za kawaida kwa dola 400 kwa mwaka: vitambaa vya sigara, kadi za maboksi ya chakula, au makosa ya uchapaji?

MkaziWaOhio

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimeishi Columbus kwa miaka kumi na mmoja, na besiboli niliipenda kwa kumsindikiza mwanangu uwanjani hadi nikajikuta nafuatilia mchezo kuliko yeye. Sasa nataka kuanza kukusanya, lakini sina haja ya kadi ambazo kila mtu anazikimbilia. Kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022. Hiyo tuwaachie wenyewe. Mimi natenga dola 400 kwa mwaka, nanunua kwa minada ya mtandaoni peke yake, na ninachotafuta ni vile vitu vya pembeni ambavyo mtu akiviona ukutani anauliza, "Hiki nacho ni nini?"

Nimepunguza orodha yangu hadi aina tatu. Ya kwanza ni vitambaa vya flaneli vyenye michoro ya wachezaji vya mwaka 1914, ambavyo wakusanyaji wanaviita B18 kwa kufuata katalogi ya Jefferson Burdick, yule bwana aliyeukabidhi mkusanyiko wake kwa Metropolitan Museum of Art kule New York. Vilikuwa vikizungushiwa pakiti za sigara, kila kimoja kikiwa mraba wa sentimita kumi na tatu hivi. Ya pili ni kadi zilizotoka kwenye vyakula: Post za mwaka 1961 hadi 1963 ambazo watoto walizikata kwa mkasi nyuma ya boksi la nafaka za kifungua kinywa, Hostess za mwaka 1975 hadi 1979 zilizochapwa tatu tatu chini ya boksi la keki, na zile za Kellogg's zenye plastiki ya mifereji inayofanya picha ionekane ina kina. Ya tatu ni makosa ya uchapaji na mabaki ya kiwandani, yaani kadi zisizo na jina, zisizochapwa kitu upande wa nyuma, karatasi nzima zisizokatwa, na mabamba ya kuchapia.

Ningependa mnisaidie kulinganisha jambo moja hasa: ni aina ipi ambayo mtu anaweza kuinunua kwa kutazama picha tu bila kuja kujuta?

JichoLenzi

Nitaanza na aina ya tatu kwa sababu ndiyo iliyoniunguza. Kadi ya Frank Thomas ya Topps ya mwaka 1990, namba 414, ina toleo ambalo jina lake halipo mbele, kwa kuwa wino mweusi haukufika sehemu ile ya karatasi. Nilinunua moja mnadani kwa bei iliyonifanya nijione mjanja. Ilipofika niliinamisha chini ya taa, na pale ambapo jina lingekuwepo nikaona duara dogo lisilong'aa. Mtu alikuwa amelifuta jina kwa subira kubwa, akaufuta na mng'ao wa kadi pamoja nalo. Katika kosa la kweli wino ulikosekana kwenye eneo la karatasi, si kwenye jina peke yake, ndiyo maana hata kadi zilizokuwa jirani kwenye karatasi hiyo hiyo hupatikana zikiwa na mistari myeusi iliyokatika. Picha ya mnadani, iliyopigwa kwa mwanga wa mbele, haionyeshi mng'ao uliopotea. Muuzaji aliniandikia kwamba na yeye aliuziwa hivyo hivyo, na hapo mazungumzo yetu yakaishia.

Kosa la uchapaji, kwa maneno mengine, ni kitu *kilichokosekana*, na kukosekana ni jambo rahisi kulighushi. Ukitaka makosa, chukua yale yaliyomo ndani ya picha yenyewe. Kadi ya Topps ya Hank Aaron ya mwaka 1957 ilichapwa kwa negativu iliyogeuzwa, hivyo mpigaji wa mkono wa kulia anaonekana amesimama kama wa kushoto. Kadi ya Aurelio Rodríguez ya mwaka 1969 ina picha ya kijana mbeba magongo wa timu badala ya mchezaji. Hayo hayafutiki wala hayaongezwi, ila kwa kuwa yamo katika kila nakala, hayana uadimu wowote, unanunua kisa. Ya Rodríguez unaweza kuipata kwa bei ya chakula cha mchana, lakini ya Aaron ni ghali kwa sababu ni ya Aaron.

Kuhusu mabamba ya kuchapia ya siku hizi, kila kadi huwa na mabamba manne, la samawati, la pinki kali, la manjano na jeusi, na kila moja hutangazwa kuwa la pekee duniani. Upekee wa namna hiyo, wenye ndugu watatu, mimi haunishawishi.

BibiShonaji

Kaka wa Ohio, mimi nakushauri vitambaa, na sisemi hivyo kwa kuwa ninashona tu. Wanawake wa enzi ile hawakuviweka albamu. Walivikusanya kutoka kwa waume na kaka zao wavuta sigara wakavishona kuwa mifarishi ya viraka. Kwa hiyo kitambaa kikifumuliwa kutoka kwenye mfarishi huwa na matundu ya sindano pembeni, wakati mwingine na nyuzi fupi zilizobaki, na pale kilipokunjiwa ndani kwenye mshono rangi hubaki imekolea kuliko katikati palipopigwa na jua na kufuliwa. Ukanda huo wa rangi iliyokolea, wenye upana wa nusu sentimita hivi, ndio cheti chake. Wajanja wanajua kupausha kitambaa kizima, lakini kukipausha katikati na kuacha ukingo safi unaolingana na mstari wa matundu ni kazi ya siku nyingi, na hakuna atakayeifanya kwa kitu cha dola thelathini. Hapo simzungumzii Ty Cobb wa Detroit, ambaye bei yake inatosha kumlipa mghushi.

Mwombe muuzaji picha ya upande wa nyuma. Flaneli hunyonya wino, na nyuma utaona kivuli hafifu cha mchoro. Asipotaka kuigeuza, pita. Jihadhari pia na nondo, kwa sababu tundu la nondo ni la mviringo na halifuati mstari, na likiwepo moja ujue kuna mengine ambayo picha haikuyaonyesha.

Nina ombi moja nje kidogo ya swali lako. Mara chache mfarishi mzima hujitokeza mnadani, mara nyingi katika kundi la vitambaa vya kale badala ya kundi la michezo, na wanunuzi huununua ili waufumue na kuuza kipande kimoja kimoja. Tafadhali usifanye hivyo.

JichoLenzi

Dada, nakuheshimu, lakini mfarishi uliooza nusu una vipande vizuri kumi vinavyoweza kuokolewa. Vikiachwa ndani vitaoza vyote.

BibiShonaji

Uliooza nusu, sawa. Ninaouona ukifumuliwa kila mara ni ule mzima.

Karani_Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Ninaishi Texas na nimekusanya kadi za vyakula kwa muda mrefu, kwa hiyo chukueni maneno yangu mkijua naegemea upande upi.

Ubaya mkubwa wa kadi za kawaida ni kupunguzwa kingo ili zionekane kali. Hata ile kadi maarufu kuliko zote, Honus Wagner ya T206 (seti ya kale ya kadi za pakiti za sigara), haikusalimika: dalali Bill Mastro alikiri mahakamani mwaka 2013 kwamba aliikata kingo kabla haijauzwa kama kadi safi. Kadi ya Post au Hostess haina ukingo wa kiwandani. Ilikatwa na mtoto mezani, huenda kwa mkasi wa mama yake. Swali linabaki moja tu, nalo linajibika kwa picha: je, mstari wa mpaka uliochapwa unaonekana pande zote nne? Ukionekana, kadi ni nzuri. Mkasi ukiwa umeingia ndani ya mstari, bei inashuka sana, na kampuni za kupima kadi kwa kawaida huithibitisha tu kuwa halisi bila kuipa alama.

Kwa Hostess, kama fedha zinaruhusu, nunua kipande chenye kadi tatu ambazo hazikutenganishwa, na ukipata boksi zima, kunjo zake na madoa ya mafuta ya keki visikukimbize. Kuhusu Kellogg's kuwa mwangalifu zaidi. Plastiki yake husinyaa kuliko karatasi iliyo chini, hivyo kadi hujikunja na hatimaye hupata nyufa za kukatiza uso, na nyufa hizo picha iliyopigwa wima huzificha kabisa. Omba picha ya pembeni. Seti ya mwaka 1971 ndiyo ngumu kuipata, kwa kuwa ilitolewa ndani ya maboksi tu, haikuwezekana kuagizwa kamili kwa posta kama ile ya mwaka 1970.

Sasa mahali pa kununulia. Kwenye eBay mnada hufungwa kwa sekunde iliyotangazwa, na wavizi huingiza dau dakika ya mwisho. Dawa yake ni kuandika kiwango chako cha juu kabisa mara moja kisha ukalale, kwa kuwa mfumo hukupandishia hatua kwa hatua na utalipa kidogo tu juu ya dau la aliyekufuatia. Nyumba za mnada kama Heritage au Robert Edward Auctions zina muda wa nyongeza: dau likiingia mwishoni, saa inasogezwa mbele, kwa hiyo kuvizia hakusaidii na usiku unaweza kuwa mrefu. Huko kuna maelezo bora na watu wanaokijua kitu, lakini usisahau ada ya mnunuzi. Ikiwa ni asilimia 20, fungu ulilolishinda kwa dola 150 utalilipia 180 kabla ya kodi na posta, na hapo karibu nusu ya bajeti yako ya mwaka imekwenda kwa usiku mmoja. Kwa dola 400, ningekaa eBay.

TangaAlfajiri

Naongeza dogo kwa walio nyumbani. Mnada unaofungwa saa nne usiku kwa saa za New York wakati wa kiangazi, huku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Mimi huweka dau kabla ya sala ya alfajiri, na mzigo hupokewa na mdogo wangu aliyeko Houston, ambaye huujumlisha na mizigo mingine mpaka apatikane msafiri. Kitambaa husafiri vizuri ndani ya bahasha. Kadi za Kellogg's nilizipokea zikiwa na nyufa mpya kwa joto la safari, sikurudia tena. Bibi Shonaji, nimefurahi kusikia kuhusu kivuli cha nyuma, nimetoka kuvigeuza vyangu vyote vitano.

BibiShonaji

Na vipi, kimeonekana?

TangaAlfajiri

Vinne. Cha tano nimekitia kwenye bahasha yake peke yake.

MkaziWaOhio

Ahsanteni sana nyote. Makosa ya uchapaji nimeyaacha, isipokuwa Rodríguez na yule kijana wake wa magongo, ambaye nitamnunua kwa ajili ya kisa. Mzee Karani, Hostess nitaanza nazo mwakani, vipande vya tatu tatu. Jana usiku niliandika dau la dola 35 kwa kitambaa cha mchezaji wa Cleveland nikaenda kulala, na asubuhi nikakuta nimekipata kwa 27. Muuzaji alikubali kunitumia picha ya nyuma, na kivuli kipo. Matundu ya sindano yapo pande tatu tu. Upande wa nne hauna hata moja na rangi yake imepauka hadi ukingoni kabisa, kwa hiyo nadhani kilikuwa pembezoni mwa mfarishi, upande ule unaoshikwa mtu anapojifunika.