Nembo za Prado zimechakaa, nataka kupaka rangi na kubandika mwenyewe nyumbani

mgebuka_mkavu
Wakuu habari za majukumu. Nina Prado ya zamani nyeupe, niko nayo hapa Ujiji, injini haina shida ila nyuma imechoka, nikeli ya neno PRADO inabanduka vipande vipande na nembo ya TX (ile ya kuonyesha toleo la gari) ilishadondoka kitambo, nimeagiza mpya Gerezani, Dar, imeshafika na basi. Sasa hiyo PRADO na nembo ya mbele kwenye shoo (grili) nataka nizipige nyeusi isiyong'aa, sprei ya kopo ninayo. Nazitoaje bila kuchuna rangi ya bodi? Na kurudishia natumia nini, maana jirani ananiambia supagluu inatosha kabisa.

Mwanga_Sokoni
Peleka kwa fundi rangi boss, unaokoa nini hapo. Halafu Prado nyeupe nembo nyeusi si itakuwa kama gari la mradi lililofiwa 😂

gereji_ya_uani
Supagluu usithubutu. Ikikauka inakuwa ngumu haina mnyumbuliko, bati likipigwa jua linatanuka, gundi inapasuka, na siku ukitaka kuitoa inaondoka na rangi ya bodi.

Kabla hujagusa kitu bandika masikingi tepu juu na chini ya neno, weka alama linapoanzia na linapoishia, piga na picha, maana likishatoka kila mtu nyumbani atakuwa na kumbukumbu yake lilikaa wapi. Halafu chukua draya ya nywele azima kwa wifi yako, pasha taratibu mpaka bati liwe la moto ila mkono unavumilia. Tafuta mshipi wa nailoni wa kuvulia, na we uko Ujiji huwezi kukosa, funga ncha kwenye vijiti viwili usije ukakata vidole, pitisha nyuma ya herufi vuta kulia kushoto. Bisibisi weka mbali. Gundi itakayobaki isukume na kidole gumba ikiwa bado ya moto, inajiviringisha yenyewe inatoka, mabaki futa na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kisha osha na sabuni. Thina isiguse bodi kabisa, hasa kama gari lilishawahi kupigwa rangi mtaani.

Kupaka sasa, hapa ndo wengi wanafeli. Nikeli ni laini mno, sprei haina pa kushika, ukipuliza juu kwa juu baada ya muda inatoka na kucha. Chukua msasa wa maji namba 600 sugua mpaka mng'ao wote ufe, na pale ilipobanduka sugua mpaka ukipitisha kucha usihisi ukingo, la sivyo utauona chini ya rangi. Kwenye kona za herufi msasa haufiki, tumia mswaki wa zamani na unga wa kusugulia sufuria. Osha, kausha, futa na spiriti, na kuanzia hapo usishike kwa vidole vitupu. Praima ya plastiki (rangi ya msingi) kwanza (chini ya nikeli mara nyingi ni plastiki), halafu sprei umbali wa kama sentimita 25, nyembamba nyembamba, kila mkono subiri dakika kumi au zaidi, soma kopo lako. Fanyia ndani ya boksi kubwa lililolazwa, vumbi letu la kiangazi mnalijua. Mvua ikinukia ahirisha, unyevu unaipa rangi ukungu. Na kilia (ile ya mwisho isiyo na rangi, ya kukinga) ukinunua iwe isiyong'aa pia.

mgebuka_mkavu
Asante sana mkuu, ya nyuma imetoka safi. Ya mbele mbona haitikisiki hata nikiipasha?

mtu_wa_Gungu
Usilazimishe hiyo kaka. Za kwenye shoo nyingi zimeshikwa na klipu kwa nyuma, fungua shoo yote uibonyeze klipu kutoka ndani. Hata za nyuma kuna zenye vipini vinavyoingia kwenye matundu ya bati, mshipi ukigota katikati jua ndo hivyo, ivute kuja kwako moja kwa moja. Ukiweka nembo mpya isiyo na vipini ziba hayo matundu, maji yakiingia kutu inaanzia ndani utakuja kuiona imeshachelewa.

Na wenye Toyota mpya mnaosoma hapa, ile nembo ya mbele iliyo bapa kama kioo nyuma yake kuna rada, msipake chochote, rada haitaona mbele.

mgebuka_mkavu
Nimeelewa. Dabo tepu je, hii nyeupe ya dukani inafaa?

gereji_ya_uani
Hapana, hiyo ya kubandikia picha ukutani. Chukua ya sponji ya magari, kama 3M VHB ukiipata. Kabla ya kubandika piga kompaundi (dawa ya kung'arishia bodi) pale ilipokuwa nembo ya zamani maana patakuwa na kivuli, futa na spiriti, bandika ukikandamiza kwa nguvu. Haishiki yote papo hapo, inafika nguvu kamili baada ya saa 72, kwa hiyo siku tatu gari lisioshwe, na hata baadaye wale vijana wa mashine ya presha waambie wasielekeze bomba kwenye herufi.

Mwanga_Sokoni
Ukimaliza tupia picha. Na ibaki TX hiyo hiyo, kuna mmoja huku kabandika V8 kwenye injini ya 2.7, akipanda mlima tunaachana naye na bodaboda.