Dawa imezuia uchungu wa mapema kwa panya: imetuliza mji wa mimba au imeilinda ovari tu?

Kitovu_Kirefu aliuliza:

Wakuu, naomba mawazo kuhusu jaribio la dawa ya kuzuia kuzaa kabla ya wakati. Wanyama ni panya wadogo wa maabara, ukoo wa C57BL/6. Siku ya E15 (siku ya 15 ya mimba) tumbo linafunguliwa na LPS, sumu ya ukuta wa bakteria inayoamsha uvimbe, inadungwa ndani ya mji wa mimba. Wasiopewa dawa huzaa ndani ya saa 24 hivi, na wengi wa waliopewa huvuka E18.5. Je, hilo linatosha kusema dawa inatuliza misuli ya mji wa mimba na huenda ikamfaa mwanamke? La pili: rekodi za watu wawili wanaokagua vizibo vya uke (shahawa iliyoganda ukeni baada ya kupandwa, ambayo ndiyo tunahesabia siku za mimba) zinapishana kwa siku nzima. Kuna madhara gani?

Tezi_ya_Muda alijibu:

Halitoshi. Panya mdogo (Mus) na panya mkubwa (Rattus) hutegemea projesteroni, homoni inayotunza mimba, ya korpasi luteamu, ile tezi inayobaki kwenye ovari yai likishatoka, tangu mwanzo wa mimba hadi mwisho. Ukiziondoa ovari, mimba inakatika. Siku za mwisho prostaglandini F2α, kemikali ya mwili inayochochea pia misuli ya mji wa mimba kukaza, huivunja tezi hiyo, projesteroni inaporomoka, uchungu unaanza. Kwa mwanamke kondo la nyuma hupokea kazi hiyo kwenye wiki ya 7 hadi ya 9 hivi, na projesteroni ya damu haishuki kabla ya uchungu.

Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba panya wasio na kipokezi cha prostaglandini F2α hawazai siku ikifika, lakini ukiwatoa ovari wanazaa. Maana yake misuli ilikuwa na uwezo wa kukaza muda wote, ila projesteroni haikushuka. Kwa hiyo dawa yako, hasa kama ni ya kundi linalozuia prostaglandini, inaweza kuwa imeilinda tezi na haikuugusa kabisa mji wa mimba.

Tenganisha hivi. Chukua damu kabla ya LPS, kisha saa 6 na saa 12 baadaye, na kwa kila moja ya nyakati hizo tumia wanyama wengine. Panya wa gramu 30 aliyetoka kupasuliwa hastahimili kutolewa damu mara tatu bila mimba kuyumba. Projesteroni ikishuka kwa wasiopewa dawa tu, mshukiwa wa kwanza ni ovari. Ikishuka kwa wote na bado waliopewa dawa hawazai, hapo una hoja. Ongeza kundi la LPS pamoja na projesteroni ya sindano, bila dawa. Usisahau kipimo cha moja kwa moja: vipande vya misuli ya mji wa mimba kwenye maji ya Krebs (ya chumvi na sukari, yanayoiga majimaji ya mwili) ya nyuzi 37, yanayopitishiwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5. Acha vitulie hadi vikaze kwa mpangilio, kisha weka dawa kwa viwango vinavyopanda. Visipotulia hapo, usiandike kwamba dawa inatuliza misuli.

Kizibo_Asubuhi alijibu:

Kuhusu tarehe. Mimba ya C57BL/6 ni siku 19 hivi, ya binadamu huhesabiwa 280 tangu hedhi ya mwisho. Kwa uwiano wa haraka, siku moja ya panya ni kama wiki mbili za mwanamke. Mnyama wa E14 ukimdunga LPS kama wa E15, matokeo yako yanachanganya mimba mbili tofauti.

Mara nyingi chanzo ni majina. Kuna wanaoita siku ya kizibo siku ya 1, kuna wanaoita siku ya 0, na kuna wanaoita mchana wa siku hiyo E0.5. Chagueni moja na kuibandika kwenye kila kizimba. Na kwa kuwa Kiswahili kinawaita wote panya, andikeni pia Mus au Rattus.

Kizibo kikaguliwe kabla ya saa nne asubuhi, maana baadaye huyeyuka au huanguka. Kingine hujificha ndani, kwa hiyo tumia kijiti butu kulisukuma lango la uke taratibu. Kwa Rattus usitegemee kizibo, huanguka mapema. Osha uke kwa matone ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na utafute mbegu za kiume kwa hadubini.

Kizibo kinathibitisha kupandwa tu. Jike aliyepandwa bila kutunga anaingia mimba ya uongo ya siku 10 hadi 12, kwa kuwa kupandwa kwenyewe huamsha prolaktini, homoni inayoitunza ile tezi ya ovari. Mpime uzito siku ya kizibo na tena siku ya 10. Asiyeongezeka mtoe mapema, kabla hajaingia kwenye hesabu.

Ukitaka wengi wapandwe usiku mmoja, weka matandiko yenye mkojo wa dume kwenye kizimba cha majike siku tatu kabla. Mpeleke jike kwa dume, usimpeleke dume kwa jike. Akishapandwa asikae karibu na dume mgeni: harufu yake inaweza kuivunja mimba kabla kiinitete hakijajishikiza.

Kitovu_Kirefu:

Asanteni. Damu tutapima. Vipi tukihamia kwa simbilisi moja kwa moja?

Siku_Sitini_na_Nane alijibu:

Kwa swali la projesteroni, simbilisi yuko karibu zaidi na binadamu. Kondo lake hushika usukani baada ya wiki ya 4 hivi, na projesteroni hubaki juu hadi kuzaa. Mifepristoni, dawa inayozuia kazi ya projesteroni, peke yake ni hafifu katika kumzalisha, ila humfanya aitikie sana prostaglandini. Kondo lake lina tabaka moja la trofoblasti (seli za kondo) kati ya damu ya mama na ya kijusi, kama la binadamu. La panya lina matabaka matatu.

Bei yake ni muda na matunzo. Mimba ni siku 59 hadi 72, mzunguko ni siku 15 hadi 17, na huzaa watoto 2 hadi 4 kwa kawaida. Lango la uke hufungwa na utando unaofunguka siku anapokuwa tayari kupandwa. Siku unapofunguka wote ndipo umpeleke kwa dume na kuandika tarehe. Jike azae mara ya kwanza kabla ya miezi 7 hivi. Akichelewa, mifupa ya nyonga inaweza isiachane vya kutosha, na watoto ni wakubwa. Hawezi kujitengenezea vitamini C, na mwenye mimba huhitaji hadi takriban mg 30 kwa kila kilo kwa siku. Chakula kilichokaa ghalani kimeshaipoteza sehemu kubwa. Usimnyime chakula kabla ya upasuaji: mwenye mimba kubwa asiyekula huingia kwenye sumu ya mimba na kufa haraka.

Pembe_Mbili alijibu:

Msimtupe Mus. Hakuna mnyama mwingine hapa mwenye zana za jeni kama zake. Tumia Mus kujua njia ya dawa, kisha simbilisi kuthibitisha kwenye mimba isiyotegemea ovari.

Mambo mawili kwenye takwimu na upasuaji. Kizio cha kuhesabia ni mama. Mama 6 wenye vijusi 8 kila mmoja ni n (idadi ya sampuli) ya 6, si 48. Chukua wastani kwa kila mama au tumia modeli mseto, ile ya takwimu inayozingatia kwamba vijusi vya mama mmoja vinafanana. Muda wa kuzaa uchambue kama data za uhai (za muda hadi tukio kutokea), kwa saa tangu sindano.

Kwenye upasuaji, sindano iingie kati ya vifuko viwili vya vijusi, isitoboe kifuko chochote. Maji ya uzazi yakivuja, mimba inatoka hata kwa maji ya chumvi tupu. Kundi la maji ya chumvi lazima liwepo na lifanyiwe kila hatua. LPS inunuliwe ya loti moja kwa jaribio zima, maana nguvu hubadilika loti kwa loti. Weka kamera ya mwanga wa infraredi, kwa sababu mama hula watoto waliokufa na asubuhi utakuta kizimba kitupu. Ukimfungua baadaye, hesabu makovu ya kujishikiza kwenye pembe zote mbili za mji wa mimba, ulinganishe na idadi uliyoandika siku ya sindano.